Mchanga wa Shela, Dakika 20 za Uwanjani au Vyuma: Timu ya Lamu Ichague Lipi?

Timu nyingi za kandanda kisiwani Lamu hufanya mazoezi kati ya sala ya Alasiri na adhana ya Magharibi, na kwa kuwa kisiwa kiko karibu na ikweta, muda huo haurefuki wala haupungui sana mwaka mzima. Mwalimu akishatoa dakika za kuwasubiri wachezaji wanaotoka shuleni, gatini na kwenye kazi za ujenzi, hubakiwa na takriban saa moja na nusu ya mwanga wa kutosha kuuona mpira. Ndani ya muda huo anatakiwa kufundisha pasi, kupanga ulinzi, kuwajengea vijana pumzi na kasi, na pia kuhakikisha kwamba wale wanaotegemewa kwenye mechi ya Jumamosi hawaishii benchi wakiwa wamefungwa bandeji. Kwa hiyo anapoambiwa kwamba njia fulani ya mazoezi ni nzuri, hana haja ya kubisha, kwani karibu kila zoezi lina faida yake. Linalompasa kuuliza ni iwapo faida hiyo inalingana na dakika zitakazotumika.

Njia zinazotajwa sana huku kwetu ni tano: kunyoosha viungo kabla ya mchezo, kupasha mwili kwa programu maalumu ya dakika 20, kuimarisha paja na kinena kwa mazoezi mawili mahususi, kukimbia mchangani, na kubeba vyuma. Katika ulinganisho huu nimeangalia ushahidi wa kila njia, muda inaodai, vifaa vyake, na kama mtu asiye mtaalamu anaweza kuifundisha ipasavyo. Mambo hayo manne sikuyapa uzito sawa. Ushahidi na muda vimetangulia, na vifaa nimeviweka nyuma kabisa, kwa sababu njia mbili zilizotokea kuwa bora hazihitaji kitu ambacho timu ya mtaa haina.

Kunyoosha viungo

Hii ndiyo desturi tuliyoirithi kutoka kwa waliotufundisha mpira. Wachezaji husimama duara, nahodha huhesabu, kila mmoja hushika kifundo cha mguu wake na kukivuta nyuma ya makalio, kisha huinama kugusa vidole. Kwa muda na vifaa haina mpinzani, kwani humaliza dakika tano tu na haihitaji chochote. Udhaifu wake uko kwenye kinga, ambayo ndiyo sababu hasa ya kufanywa. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuata askari wanafunzi 1,538 wa jeshi la Australia, ambao baadhi yao walinyoosha misuli ya miguu kabla ya mazoezi na wengine hawakunyoosha, na tofauti ya majeraha kati ya makundi hayo haikuwa ya maana. Mwaka 2014 uchambuzi uliokusanya majaribio 25 yenye washiriki 26,610 ulifikia hitimisho hilohilo: kunyoosha peke yake hakukuonekana kuzuia majeraha, ilhali mazoezi ya kuongeza nguvu yaliyapunguza hadi chini ya theluthi moja.

Zaidi ya hayo, msuli ulioshikiliwa katika mnyoosho kwa zaidi ya dakika moja hupungukiwa kidogo na nguvu na kasi kwa muda mfupi unaofuata, na hali hiyo haimfai mshambuliaji anayekaribia kuingia uwanjani. Hilo halina maana kwamba kunyoosha kuharamishwe. Mchezaji ambaye nyonga zake zimekakamaa anaweza kufaidika akinyoosha kwa utulivu baada ya mazoezi au nyumbani usiku. Lakini kama timu ina dakika tano tu kabla ya mechi, dakika hizo zina matumizi bora kuliko haya.

Dakika 20 za 11+

Programu iitwayo 11+ ilitengenezwa mwaka 2006 chini ya FIFA, kwa ushirikiano na watafiti wa majeraha ya michezo wa Oslo na wa California. Ina mazoezi 15 katika sehemu tatu. Sehemu ya kwanza huchukua dakika nane, nayo ni mbio za polepole kati ya safu mbili za koni, zikichanganywa na kufungua nyonga nje na ndani, kumzunguka mwenzako, kurukiana bega kwa bega, na kukimbia mbele na nyuma kwa haraka. Sehemu ya pili huchukua dakika kumi na ndiyo kiini cha programu: kujishikilia kwa viwiko mwili ukiwa umenyooka, kujishikilia kwa ubavu, zoezi la nyuma ya paja, kusimama kwa mguu mmoja, kuchuchumaa na kuruka. Kila zoezi la sehemu hii lina ngazi tatu, hivyo anayeanza na aliyekomaa wanaweza kulifanya pamoja bila mmoja kumkwamisha mwingine. Sehemu ya tatu ni dakika mbili za mbio za kasi, mbio za kuruka hatua ndefu, na kukata kona ghafla.

Ukiilinganisha na kunyoosha, tofauti ya ushahidi ni kubwa mno. Nchini Norwe programu hii ilijaribiwa katika vilabu 125 vyenye wasichana 1,892 wa umri wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi moja, huku yale makubwa yakipungua kwa karibu nusu. Mtu anaweza kusema kwamba Norwe ina viwanja vya nyasi, wataalamu wa viungo na viatu vizuri, na kwamba matokeo ya huko hayatuhusu sisi tunaocheza kwenye udongo na mchanga. Pingamizi hilo lilikuwa na nguvu hadi programu ilipopelekwa Lagos, Nijeria, ambako timu 20 za ligi ya vijana zenye wavulana zaidi ya 400 wa miaka 14 hadi 19 zilifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 2014 yakaonyesha upungufu wa majeraha wa asilimia 41 kwa jumla, na wa asilimia 48 kwa majeraha ya miguu. Kwangu mimi utafiti wa Lagos ndio unaomaliza ubishi, kwa sababu mazingira ya vijana wale yanakaribiana na ya vijana wa Langoni, Wiyoni au Matondoni kuliko yanavyokaribiana na ya Oslo.

Gharama ya programu ni muda. Dakika 20 kati ya 90 ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya mazoezi, na mwalimu mwenye mechi Jumamosi huona uchungu kuzitoa. Kuna mambo mawili yanayopunguza uchungu huo. La kwanza ni kwamba dakika hizo haziongezwi juu ya kupasha mwili, bali zinachukua nafasi yake. Timu ambayo tayari hutumia dakika 15 kukimbia kuzunguka uwanja na kunyoosha inapoteza dakika tano tu. La pili limetoka Australia, ambako mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa timu zisizo za kulipwa kikamilifu zilizohamisha sehemu ya pili na kuiweka mwisho wa mazoezi. Wachezaji waliifuata programu kwa uaminifu zaidi, na majeraha makubwa hayakuongezeka bali yalipungua. Mpango huo unaifaa Lamu sana, kwani kujishikilia kwa viwiko hakuhitaji mwanga mwingi, na mpira ukishaanza kupotea machoni bado mazoezi ya nguvu yanawezekana. Kikwazo ni kwamba wachezaji wengi huondoka mara wanapokaribia kusikia adhana, kwa hiyo mwalimu anayechagua mpango huu lazima asimamishe mpira mapema, asije akajidanganya kwamba vijana watabaki baada ya filimbi ya mwisho.

Kuhusu urahisi wa kufundisha, programu hii inahitaji jicho. Zoezi la kuruka likifanywa huku goti likiangukia ndani, halina kinga yoyote na huenda likawa linazoesha kosa lenyewe. Mwalimu hahitaji shahada kuliona hilo. Asimame mbele ya wachezaji, si pembeni, aangalie kama goti limebaki juu ya vidole vya mguu wakati wa kutua, na kama nyonga zimebaki sawa bila upande mmoja kushuka. Mambo hayo mawili yakisimamiwa vizuri, mengi yaliyobaki hujirekebisha. Hatari kubwa zaidi ni kuchoshwa. Watafiti wa Norwe waliona kwamba wasichana waliofanya programu mara nyingi zaidi walikingika zaidi, na mpango wenyewe unataka angalau mara mbili kwa wiki, ilhali mazoea ya timu zetu ni kuanza jambo kwa bidii mwanzoni mwa ligi na kuliacha kufikia raundi ya nne.

Mazoezi mawili ya paja na kinena

Kwa timu isiyoweza kabisa kutoa dakika 20, au kwa mchezaji anayejitafutia kinga yake mwenyewe, kuna njia fupi zaidi. Zoezi la Nordiki hufanywa kwa kupiga magoti juu ya kitu laini, mwenzako akikushika vifundo vya miguu, kisha unaegemea mbele taratibu huku mwili ukiwa umenyooka kuanzia magotini hadi kichwani, ukijizuia kwa msuli wa nyuma ya paja hadi pale usipoweza tena. Hapo unajipokea kwa mikono na kujisukuma kurudi juu. Mkeka mmoja au gunia lililokunjwa hutosha, na mchanga wa uwanjani wenyewe ni laini kwa magoti.

Zoezi hili lina nguvu kwa sababu ya namna msuli huo unavyoumia. Mchezaji anapokimbia kwa kasi yake yote, muda mfupi kabla ya unyayo kugusa ardhi, msuli wa nyuma ya paja hurefuka huku ukiuzuia mguu wa chini usitupwe mbele kupita kiasi, kama baharia anayelegeza demani kidogokidogo huku upepo ukilivuta tanga. Msuli unaoweza kukaza tu, lakini hauna nguvu za kujizuia wakati unarefuka, huchanika hapo. Zoezi la Nordiki huuzoesha msuli kazi hiyohiyo, na kwa kadiri wiki zinavyopita nyuzi zake hurefuka na kupata nguvu katika hali ya kunyooka.

Takwimu zake zinashangaza. Nchini Denmark timu 50 za wanaume zenye wachezaji 942, wa kulipwa na wa ridhaa, ziligawanywa mara mbili kwa bahati nasibu, na katika matokeo ya mwaka 2011 kundi lililofanya zoezi lilipata majeraha 15 ya msuli huo, dhidi ya 52 katika kundi ambalo halikulifanya. Walionufaika zaidi ni wale waliokuwa wameshawahi kuumia, na hilo ni jambo la kuzingatiwa, kwa sababu jeraha la zamani ndilo linaloashiria zaidi jeraha jipya. Hata hivyo vilabu vikubwa vyenyewe havilitilii maanani inavyostahili. Katika ufuatiliaji wa muda mrefu wa vilabu vya juu vya Ulaya ulioanza mwaka 2001, sehemu ya majeraha yanayotokana na msuli huo imepanda kutoka asilimia 12 hadi asilimia 24 kufikia msimu wa 2021/22. Wachezaji wa siku hizi hukimbia kwa kasi zaidi na mara nyingi zaidi, nao hufanya zoezi hili kwa kusuasua.

Mpango uliotumika Denmark ni wa wiki kumi. Wiki ya kwanza ni siku moja tu, seti mbili za marudio matano. Wiki ya pili ni siku mbili, seti mbili za marudio sita. Wiki ya tatu ni siku tatu, seti tatu za marudio sita hadi manane, na wiki ya nne idadi hupanda hadi marudio manane mpaka kumi kwa kila seti. Kuanzia wiki ya tano hadi ya kumi huwa siku tatu, seti tatu za marudio 12, 10 na 8. Baada ya hapo siku moja kwa wiki hutosha kulinda kilichopatikana. Anayeruka hatua na kuanza na seti tatu siku ya kwanza ataamka kesho yake akishindwa kukaa kitako, ataapa kwamba zoezi ni hatari, na hatarudi tena. Kwa sababu hiyohiyo halifanywi siku ya kuamkia mechi.

Zoezi la pili ni la kinena, nalo hujulikana kwa jina la Copenhagen. Unalala ubavu, mwenzako anaushika mguu wako wa juu, nawe unauinua mwili kwa nguvu ya upande wa ndani wa paja hilo huku ukijishikilia kwa kiwiko. Mwaka 2019 watafiti wa Norwe walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba matatizo ya kinena yalikuwa machache kwa asilimia 41 katika timu za wanaume zilizofanya zoezi hili moja tu. Kwa kiungo anayebadilisha mwelekeo mara kwa mara, au beki wa pembeni anayepiga krosi nyingi, ningeliweka sambamba na lile la Nordiki.

Tukiyalinganisha mazoezi haya mawili na programu nzima ya 11+, picha ni hii. Mawili haya yana kinga kubwa dhidi ya majeraha mawili mahususi, humaliza dakika zisizozidi kumi, na ni rahisi kufundisha kwa sababu makosa yake huonekana wazi. Lakini hayagusi goti wala kifundo cha mguu, hayafundishi kutua, na hayampashi mtu moto. Timu ya wanaume watu wazima ambao tatizo lao kubwa ni mapaja yanayochanika inaweza kuanza nayo bila kujutia. Timu ya wasichana au ya vijana wadogo isiyafanye kuwa mbadala wa programu.

Mchanga

Hapa ndipo penye hisia, kwa sababu ufuo wa Shela ni fahari yetu na kila anayekuja na wazo la mazoezi huwaza kuwapeleka vijana huko. Inabidi kutofautisha mchanga na mchanga. Ule ulioshindiliwa na maji, unaoachwa wazi bahari inapokupwa, ni mgumu kiasi cha kumruhusu mtu kukimbia karibu na mwendo wake wa kawaida. Ule mkavu wa juu humeza mguu. Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walipima gharama ya mchanga mkavu na kukuta kwamba kukimbia juu yake hudai nishati takriban mara 1.6 ya ile inayotumika kwenye ardhi ngumu, na kutembea hudai mara 2.1 hadi 2.7. Mguu huteleza kidogo katika kila hatua, mchanga husogea, na ile nguvu ya kuruka ambayo kano za mguu huihifadhi na kuirudisha kwenye ardhi ngumu hupotea.

Kwa anayetaka pumzi, hiyo ni faida dhahiri: moyo na mapafu hufanya kazi kubwa katika mwendo mdogo, huku mishtuko inayofika magotini ikipungua. Na ni haki kuutetea mchanga pale unapostahili. Utafiti wa mwaka 2008 ulilinganisha wachezaji wa kandanda waliofanya mazoezi ya kuruka kwa wiki nne, baadhi mchangani na wengine kwenye nyasi. Makundi yote mawili yaliongeza kasi ya mbio fupi, na wa mchangani walipata maumivu machache ya misuli. Wa kwenye nyasi walizidi katika ule mruko unaotegemea kujikunja haraka na kufyatuka, ambao ndio mruko wa mpira wa kichwa.

Upungufu wake mkubwa ni kasi. Mchangani hakuna anayefikia kasi yake ya juu kabisa, kwa hiyo msuli wa nyuma ya paja hauonji hata mara moja mzigo utakaokutana nao siku ya mechi. Timu inayojenga maandalizi yake yote Shela huenda ikaingia ligi ikiwa na pumzi za ajabu na mapaja yasiyozoea kasi, na mchanganyiko huo una hatari, kwani mchezaji mwenye pumzi hukimbia kwa kasi hata dakika ya 80. Halafu kuna mteremko. Ufuo haulali sawa, hivyo anayekimbia kando ya maji huwa na mguu mmoja juu na mwingine chini, na akienda mbali upande mmoja nyonga na kifundo hulalamika. Mchanga mkavu nao huzamisha kisigino na kuivuta kano iliyo juu yake zaidi ya ilivyozoea, hivyo mwenye historia ya maumivu ya kano hiyo asianze na mchanga mkavu.

Yapo pia mambo ya mahali. Kutoka mjini Lamu hadi Shela ni takriban kilomita tatu, karibu dakika 40 za kutembea, na nusu ya muda wa mazoezi imekwisha kabla ya filimbi. Maji nayo hayamsubiri mwalimu: wakati wa kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo mchanga mgumu uliokuwapo Jumatatu jioni waweza kuwa chini ya mawimbi kufikia mwisho wa wiki, hasa siku za bamvua. Anayepanga ratiba ya ufuoni bila kuwauliza wavuvi atajikuta na vijana wake kwenye mchanga mkavu, apende asipende. Kuhusu vilima vya mchanga vya Shela, ushauri wangu ni kuviacha kabisa. Vilima hivyo huipokea mvua na kuichuja hadi kwenye visima vinavyounywesha mji, na mimea inayovishika haistahimili viatu vya watu ishirini wanaopanda na kushuka kila wiki.

Kwa hiyo mchanga una nafasi, lakini ni nafasi ya pembeni: wiki za kwanza kabla ya ligi, siku moja kwa wiki, dakika 20 au 30 kwenye mchanga mgumu, pengine asubuhi ya mapumziko ambayo haina haraka ya Magharibi. Kama njia ya kuzuia majeraha, haina ushahidi unaokaribia ule wa njia mbili zilizotangulia.

Vyuma

Hapa sitakaa sana. Mazoezi ya nguvu ndiyo yaliyoongoza katika ule uchambuzi wa mwaka 2014, na wengi hulisoma hilo kama agizo la kwenda jimu. Lakini mwili hautofautishi chuma na uzito mwingine. Unachodai ni mzigo unaoongezeka kwa utaratibu, na zoezi la Nordiki lenyewe ni zoezi la nguvu ambalo wachezaji wengi hawawezi kulikamilisha hata marudio matatu. Kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kupanda na kushuka ngazi ya mawe ukiwa umembeba mwenzako mgongoni, na kuinua visigino kwa mguu mmoja ukingoni mwa kizingiti vitamtosha kijana kwa muda mrefu. Jimu ina faida kwa mchezaji aliyekomaa, mwenye nauli na ada, aliye na mtu wa kumsimamia. Kwa timu nzima, gharama yake haina utetezi. Nakumbusha pia kwamba vijana wanaobeba mizigo gatini au mawe ya ujenzi tayari wana kazi nzito ya mgongo na mikono mchana kutwa. Wakiongezewa vyuma vya mabega usiku, kinachoongezeka ni uchovu.

Nani achague nini

Timu ya wasichana ichague 11+ bila kusitasita na iifanye yote, kwa sababu wasichana huumia ile ligamenti ya katikati ya goti mara mbili hadi tatu zaidi ya wavulana katika mchezo uleule, na mafunzo ya kutua na kukata kona ndiyo yanayolilinda goti. Wanaofundisha watoto wa miaka 7 hadi 13 wana toleo lao, lenye michezo na mazoezi ya kuanguka salama. Katika matokeo ya mwaka 2018 kutoka nchi nne za Ulaya, toleo hilo lilipunguza majeraha kwa asilimia 48. Kwa umri huo sioni sababu ya kuwapeleka mchangani isipokuwa kucheza.

Timu ya wanaume inayokutana mara mbili kwa wiki ifanye sehemu ya kwanza na ya tatu ya 11+ mwanzoni, isimamishe mpira dakika 12 kabla ya muda wa kuondoka, na imalizie na sehemu ya pili, ikiliongeza zoezi la Nordiki kwa ngazi za wiki kumi na lile la Copenhagen. Katika siku mojawapo, baada ya kupasha mwili, kila mchezaji akimbie mara nne au tano mita 30 kwa kasi yake yote, na mapumziko ya kutosha kati ya mbio na mbio. Msuli unaokutana na kasi kila wiki haushtuki unapoikuta kwenye mechi. Timu inayokutana mara moja tu kwa wiki ichague mazoezi mawili ya paja na kinena na iwape wachezaji kazi ya kufanya nyumbani wawiliwawili, maana programu ya dakika 20 inayofanywa mara moja kwa wiki haijafikia kiwango inachokidai yenyewe.

Kwa mechi za nje ya kisiwa kuna jambo la ziada. Timu inayovuka kwa boti hadi Mokowe na kuendelea kwa gari hadi Mpeketoni au Witu hufika viungo vikiwa vimeganda kwa kukaa, na mara nyingi huwa imechelewa. Hapo kishawishi ni kunyoosha kidogo na kuingia. Sehemu ya kwanza na ya tatu za 11+ kwa pamoja ni dakika kumi, na ndivyo programu yenyewe inavyoelekeza kwa siku ya mechi. Mwalimu akubali hata kukatisha maelezo yake ya mbinu ili dakika hizo kumi zipatikane.

Ramadhani nayo ina hesabu yake, kwa kuwa timu nyingi hupumzika mwezi mzima na kisha kujitupa kwenye mashindano ya Idd, na kurudi ghafla kwenye kasi baada ya wiki nne za utulivu ni njia ya uhakika ya kuchana misuli. Ufuo hausaidii usiku, jimu haipatikani kwa wote, na programu nzima ni ndefu kwa mtu anayetaka kulala kabla ya daku. Zoezi la Nordiki ndilo linaloshinda hapa: seti tatu, mara moja kwa wiki baada ya tarawehe, wawiliwawili juu ya mkeka, kwa wale waliokwisha kumaliza wiki zao kumi kabla ya mwezi kuandama. Wasiomaliza waendelee na hatua waliyofikia, na katika wiki ya mwisho ya mfungo waongeze mbio chache za mita 30 usiku uwanjani, mwendo ukipandishwa kidogo katika kila mkutano, ili siku ya Idd mosi isiwe ndiyo mara yao ya kwanza kukimbia kwa kasi.